Mchawi Aliyemo Kitabuni

Wako wazazi, ndugu wasomaji, ambao wakiona kitabu cha mtoto kina picha ya mzee mwenye ndevu na fimbo ndefu, hukitwaa na kukitia motoni bila kusoma hata ukurasa mmoja. Nia yao ni njema. Lakini afadhali tujue kwanza hadithi hizo zimejengwaje, tusije tukachoma ngano pamoja na magugu.

Hadithi za namna hii zina desturi zake, kama zilivyo nazo hadithi za jioni za bibi zetu. Mwanzo wa kitabu pana ramani ya nchi isiyokuwako. Kisha yuko kijana wa kijijini asiyejulikana, na mzee mwenye hekima amtumaye safari. Wako masahaba, yuko mfalme aliyenyang'anywa kiti chake, na mbali kule yuko Bwana wa Giza atakaye kutawala dunia nzima. Waandishi wengi wameziiga desturi hizo, hata mwaka 1996 Mwingereza Diana Wynne Jones akaandika kitabu cha kuwacheka, mfano wa kile kimwongozacho mtalii. Asema kwamba katika nchi zile chakula ni mchuzi wa nyama siku zote, na farasi hukimbia mchana kutwa wasichoke. Kweli kabisa, na vitabu vingi vya kuiga havina zaidi ya mchuzi huo.

Lakini tumwangalie yule aliyeigwa, J. R. R. Tolkien. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akapelekwa Uingereza angali mdogo. Baba yake alifariki mwaka 1896, na mama yake, aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1900, akafariki mwaka 1904. Yeye na ndugu yake wakalelewa chini ya ulinzi wa padre mmoja wa Birmingham, Francis Morgan. Mwaka 1916 alipigana vita huko Somme. Kitabu chake kikubwa, The Lord of the Rings, kilitoka mwaka 1954 na 1955.

Hadithi nyingi za safari ni za kwenda kutafuta kitu: dhahabu, dawa, au binti wa mfalme. Tolkien aliigeuza desturi hiyo. Frodo, mtu wa kabila la wafupi, anacho tayari kitu ambacho wote wanakitamani, yaani pete ya kuwatawala wengine. Naye anakwenda kuitupa katika mlima wa moto. Wenye hekima wanaogopa kuichukua, maana hata mwenye nia ya kutenda mema nayo angegeuka kuwa kama yule adui.

Na mwishoni Frodo anashindwa. Ndiyo, anashindwa! Amefika ukingoni mwa moto, naye anakataa kuitupa. Sungura wetu angeshinda kwa werevu, lakini hapa hakuna werevu. Aokoaye mambo, bila kukusudia, ni Gollum, kiumbe dhalili ambaye Frodo, na mjomba wake kabla yake, waliweza kumwua wakamhurumia. Anamng'ata Frodo kidole chenye pete, anateleza, anaanguka nayo motoni. Huruma ile isingalikuwako, pete ingalibaki. Siku yenyewe Tolkien aliiweka tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria.

Na yule mzee mwenye fimbo? Kiswahili kinatuponza hapa, kwa kuwa tukisema mchawi twamfikiria mtu wa usiku. Gandalf wa Tolkien ni roho aliyetumwa kuwasaidia watu, naye amekatazwa kuwatawala kwa nguvu au kwa kuwatisha. Yu karibu na malaika kuliko na mwanga.

Kitabu hiki kina kurasa zipatazo elfu moja, kwa hiyo chafaa vijana. Watoto waanzie The Hobbit cha mwaka 1937, au vile saba vya C. S. Lewis, rafiki yake Tolkien, vilivyotoka kati ya mwaka 1950 na 1956. Humo mchawi wa kike ni mwovu kweli, wala hafichwi. Kiingereza kikimlemea mtoto, baba au mama amsomee sura moja baada ya chakula cha jioni, akifasiri taratibu. Mtakapofika kwa Gandalf, msimame kidogo, mmwulize mtoto yeye angemwita nani.