Kwa Akina Mama: Skonzi Laini

Mama mmoja ameuliza kwa nini skonzi zake hutoka ngumu kama jiwe, hata mumewe asema hatoi tena fedha ya unga. Mama, sababu ni mikono. Skonzi za dukani huumuliwa kwa hamira na kukandwa sana. Hizi za Kiingereza hazitaki hamira wala kukandwa. Ukizikanda kama chapati, unga hushupaa, hauinuki.

Chekecha unga wa ngano nusu kilo, beking pauda vijiko vya chai 5, sukari vijiko vikubwa 2, na chumvi kidogo. Siagi gramu 100, iwe baridi (alfajiri ndiyo saa yake), uifikiche kwa ncha za vidole mpaka iwe kama chenga za mchele. Tia maziwa baridi kikombe na robo, ukoroge kwa kisu, basi. Acha unate kidogo. Ubonyeze kwa kiganja, unene wa sentimita 2 na nusu, ukate kwa bilauri bila kuizungusha.

Usikawie, maana beking pauda huanza kazi mara ipatapo maji. Sufuria nzito iwe imekwisha pata moto: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Baada ya dakika 15 zitazame. Mzile siku hiyo hiyo. Kesho yake hukauka.