KISHIKWAMBI KIPYA: NI HAJA AU NI MASHINDANO?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wazazi na wanafunzi, kila malipo ya minada ya korosho yanapoingia, huku kwetu Nachingwea na Ruangwa huanza mazungumzo ya manunuzi. Yupo anayeezeka nyumba, yupo anayenunua pikipiki, yupo anayetoa mahari. Miaka ya karibuni limeongezeka jambo jingine: watoto wetu wanadai vishikwambi vipya. Hoja yao wameisikia madukani na kwenye matangazo: "Hiki cha zamani, prosesa yake imepitwa na wakati."

Hoja hiyo sasa imefika kwenye kamati ya madrasa yetu. Baadhi ya wazazi wanapendekeza mchango wa mwaka huu utumike kubadilisha vishikwambi vya darasa la juu. Wengine wanataka mchango huo ukamalize paa la darasa la wasichana. Fedha ni zilezile, haziwezi kufanya yote mawili. Kwa hiyo ni wajibu wetu kulipima jambo hili kwa elimu, si kwa matamanio.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Prosesa mpya peke yake si sababu ya kununua kishikwambi kipya. Zipo sababu za haki za kubadilisha, nami nitazitaja, lakini zinatoka mahali pengine.

PROSESA NI NINI?

Prosesa ni ile chipu ndogo inayofanya hesabu zote ndani ya kishikwambi. Ili tuelewane, tuchukue mfano wa ghala la chama cha msingi wakati wa korosho. Prosesa ni karani anayepima na kuandika. Kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM, ni meza yake. Hifadhi ya mafaili ni ghala lenyewe. Mtandao ni barabara inayoleta magunia.

Sasa, ukimleta karani mwepesi mara tatu kuliko wa kwanza, lakini meza ni ile ile ndogo, ghala limejaa hadi mlangoni na barabara imekatika kwa mvua, je, foleni itapungua? Haitapungua. Karani atakaa akisubiri.

Hatukatai kwamba makarani hawa wamekuwa wepesi ajabu. Mwaka 1965 Gordon Moore wa Marekani alibainisha kwamba idadi ya transista ndani ya chipu inaongezeka maradufu kila mwaka, na mwaka 1975 akarekebisha kuwa kila miaka miwili. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300. Chipu ya M4 ambayo Apple waliiweka kwenye iPad Pro mwaka 2024 ina transista bilioni 28. Haya ni maendeleo makubwa, na aliyewapa wanadamu akili ya kuyafikia ni Allah.

Lakini tazameni na upande wa biashara. Mei 2024 Apple walitoa iPad Air yenye chipu ya M2. Machi 2025, miezi kumi tu baadaye, wakatoa iPad Air yenye M3, umbo lile lile na bei ya kuanzia ile ile ya dola 599 kule Marekani. Aliyenunua ya kwanza, je, kishikwambi chake kiliharibika siku ya pili ilipotangazwa? Hakikuharibika. Kilichoharibika ni utulivu wa moyo wake.

KAZI YETU INAHITAJI NGUVU KIASI GANI?

Hili ndilo swali ambalo wengi hatuulizi. Tuzitazame kazi zenyewe.

Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. Kuonesha ukurasa mmoja kwenye kioo ni kazi nyepesi hata kwa chipu ya miaka kumi iliyopita. Kisomo cha juzuu zote 30 kwa sauti, kwa mafaili ya kawaida, kinahitaji nafasi ya GB 2 hivi. Hapo kinachotakiwa ni nafasi, na nafasi inapatikana kwa memori kadi, kama kishikwambi kina tundu lake.

Nyakati za sala hupatikana kwa hesabu ya mahali jua lilipo, na hata kikokotoo cha zamani kinaiweza. Ama mshale wa kibla, unategemea kihisi cha sumaku, na vishikwambi vingi vya bei ya chini havina kihisi hicho hata kama prosesa yake ni mpya. Nasi wa huku tumefanyiwa wepesi: kutoka Nachingwea na Ruangwa, Makka iko karibu kaskazini kamili, ikielekea mashariki kidogo mno, kiasi cha nyuzi mbili hivi.

Ushahidi mwingine tunao hapa hapa nchini. Sensa iliyoanza tarehe 23 Agosti 2022 ilifanyika kwa vishikwambi, zaidi ya 200,000, na ikahesabu watu 61,741,120. Sensa ilipokwisha, Serikali haikuvitupa. Vilipelekwa kwa walimu wa shule, na aliyezindua ugawaji wake ni Ndugu Kassim Majaliwa, wakati huo Waziri Mkuu na mbunge wa Ruangwa. Chombo kilichobeba maswali ya sensa kikapewa kazi ya pili ya kubeba masomo, na prosesa ni ile ile. Ikiwa nchi imeona inafaa, familia ya mkulima inaona haya ya nini?

KINACHOTUCHELEWESHA NI NINI HASA?

Mtoto akilalamika kwamba kishikwambi ni kizito, mara nyingi sababu ni moja ya hizi tatu.

Kwanza, hifadhi imejaa. Video za mipira, picha zinazojirudia na michezo isiyochezwa tena vimelijaza ghala. Kishikwambi kilichojaa hadi pomoni huwa kizito, prosesa yake iwe ya namna gani.

Pili, mtandao ni dhaifu. Somo linalozunguka bila kufunguka linasubiri mnara, halisubiri prosesa. Kishikwambi kipya pale pale kitasubiri vilevile.

Tatu, betri imechoka. Hiki ndicho kiungo kinachozeeka mapema, kwa kuwa kila kuchaji kunapunguza kidogo uwezo wake. Na hapa wana Ruangwa wana la kujifunza: ndani ya betri hizi, upande mmoja umetengenezwa kwa madini ya kinywe, ambayo yamo chini ya ardhi ya wilaya hii. Fundi mwaminifu akibadilisha betri, kishikwambi kinaweza kuongezewa miaka kwa sehemu ndogo ya bei ya kipya.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Uadilifu unatutaka tuwape haki yao wanaotaka kubadilisha. Hoja yao yenye nguvu inahusu masasisho. Programu hubadilika, na vyombo vya zamani huachwa. Tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4, toleo la mwaka 2013. Mwenye kishikwambi cha toleo hilo hana la kufanya. Vilevile, chombo kisichopata tena masasisho ya usalama ni hatari kukiwekea siri za benki au za fedha za mtandao.

Hiyo ni hoja ya kweli. Lakini tazama inachothibitisha. Kilichokwisha ni muda wa kuhudumiwa, ambao ni ahadi ya mtengenezaji. Mwaka 2024 Samsung waliahidi miaka 7 ya masasisho kwa simu zao za daraja la juu za Galaxy S24, na wapo watengenezaji wasioahidi chochote. Kwa hiyo muuzaji aulizwe, "Kitasasishwa hadi mwaka gani?" kabla ya kuulizwa, "Prosesa yake ni ya ngapi?"

Tena si kila kilichomo ndani ya boksi jipya ni kipya. ARM walitangaza muundo wa kiini cha Cortex-A53 mwaka 2012. Galaxy Tab A7 Lite ya mwaka 2021 ilikuwa na viini 8 vya muundo huo. Muuzaji anaposema "viini nane", mzazi anaona wingi, hana habari ya umri. Anaweza kulipa fedha za korosho na kurudi nyumbani na karani yule yule aliyevaa kanzu mpya.

Wapo pia wenye haja ya nguvu kweli: kijana anayehariri video, au anayejifunza usanifu wa majengo. Huyo kazi yake imekizidi chombo, na kumnunulia chenye nguvu si israfu.

FUNZO LA KARANGA

Ardhi yetu ya Nachingwea imewahi kuliona jambo hili kwa ukubwa wake. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kufyeka misitu. Nguvu ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni kuuliza kwanza udongo ukoje, mvua ikoje, na mafundi wa kuzitunza mashine wako wapi. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, ukiwa umekula zaidi ya pauni milioni 35. Reli iliyojengwa kutoka pwani hadi huku nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nguvu isiyotanguliwa na swali la haja ni hasara, iwe ya trekta au ya chipu.

LIPI LIFANYIKE?

Kabla ya kununua, kila familia na ifanye haya:

1. Andikeni kazi tatu ambazo kishikwambi kinashindwa kuzifanya. Mkikosa hata moja, suala limekwisha.
2. Futeni visivyotumika, hamisheni picha, kizimeni na kukiwasha upya. Kitumieni siku tatu, kisha mpime tena.
3. Mpelekeeni fundi aangalie betri na tundu la chaji.
4. Angalieni toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama programu ya lazima haikubali tena, hapo kubadilisha ni haki.
5. Mkibadilisha, cha zamani kifuteni akaunti zote na mumpe mdogo wake au yatima asome.

Kwa kamati yetu, maoni yangu ni haya: tubadilishe betri zilizochoka, tununue memori kadi, na tubadilishe kile tu ambacho programu za masomo zimekikataa. Kinachobaki kiende kwenye paa. Prosesa ya mwaka huu itapitwa mwakani, lakini mabati yatawasitiri wasichana wetu kwa masika mengi, inshaallah. Tukumbuke kuwa mchango huu ni amana, na waliotoa baadhi yao wamepunguza chakula chao ili watoe.

Katika Suratul Furqaan aya ya 67, Allah amewasifu waja Wake ambao matumizi yao yako katikati, si ya israfu wala ya ubahili. Asiyemnunulia mwanawe chombo cha kusomea ilhali anao uwezo na haja ipo, amekosea upande mmoja. Anayenunua kwa kuwa jirani amenunua, amekosea upande wa pili.

Nanyi wanafunzi wangu, wazee wenu wengi walihifadhi juzuu kwa ubao wa mti na wino wa masizi. Upungufu wa hifadhi hauko kwenye prosesa. Uko kwenye nusu saa baada ya Alfajiri ambayo mnaitumia kulala.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.