Kichwa Kinachopambwa Ndicho Kinachosujudu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, ndoa ni sunna ya Mtume wetu, na kila harusi inayofungwa kwa njia ya halali ni jambo la kumshukuru Mola. Lakini limo jambo katika harusi zetu ambalo wazazi wengi wanaliuliza, nalo ni mapambo ya kichwani. Zamani bibi harusi wa mwambao alipambwa kwa vikuba vya asumini na hina. Leo tunaona mataji ya vito, tika zinazoning'inia juu ya paji la uso, vilemba vilivyopandishwa mithili ya mnara, na vile vikofia vya manyoya na maua viitwavyo fasineta, vinavyobanwa upande mmoja wa kichwa. Wala si bibi harusi peke yake. Somo, dada na waalikwa nao wamo. Je, sheria inasemaje?

Kwanza tuseme kwa uwazi kwamba kujipamba si dhambi. Katika Suratul Aaraf, aya ya 31 na ya 32, Mwenyezi Mungu anawaamrisha wanadamu wachukue mapambo yao katika kila mahali pa ibada, anawakataza israfu, kisha anauliza kwa kukemea ni nani aliyeharamisha pambo alilowatolea waja wake. Tuangalie mpangilio huo: pambo limetajwa pamoja na ibada, na israfu ikakatazwa papo hapo. Imam Bukhari naye amepokea kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na vazi ambalo wanawake wa Madina waliokuwa wakipambwa walikuwa wakituma kwake kuliazima. Uislamu, basi, haukuja kumnyima bibi harusi uzuri wake.

Wapo wanaosema kwamba fasineta ni haramu kwa kuwa asili yake ni Ulaya. Hoja hiyo peke yake haitoshi. Kujifananisha kunakokatazwa ni katika yale yaliyo alama ya dini ya wengine, au yanayovaliwa kwa nia ya kuwaiga. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alivaa juba la Sham, na Sham wakati ule ilikuwa chini ya Warumi. La kuzingatia ni jingine. Huko Uingereza kwenyewe, katika mashindano ya farasi ya Royal Ascot, tangu mwaka 2012 fasineta haikubaliwi katika eneo la daraja la juu. Mwanamke anayeingia humo hutakiwa avae kofia, au pambo lenye kitako kisichopungua inchi 4. Wenyewe wanajua kuwa kitu hicho hakihesabiwi kuwa kofia. Basi dada wa Kiislamu asijidanganye kwamba akikibana juu ya nywele zilizo wazi amekwisha kujisitiri.

Tukirudi kwenye juba lile la Sham, kisa chake kina mafunzo makubwa. Al-Mughira bin Shu'ba (R.A.) anasimulia, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa safarini naye akataka kutawadha. Mikono ya juba ilikuwa imebana, haikupandishika. Mtume hakuacha kuosha mikono yake kwa ajili ya vazi. Aliitoa mikono kwa upande wa chini wa juba, akaiosha. Na katika mapokezi ya Muslim, akapaka maji nywele za mbele ya kichwa chake na juu ya kilemba. Hapa tunapata kanuni: vazi la kigeni lilikubaliwa, lakini vazi ndilo lililoupisha udhu, udhu haukulipisha vazi.

Katika harusi zetu ni kinyume chake. Bibi harusi huketishwa kwa mpambaji tangu alasiri. Uso hupakwa, nywele hubanwa kwa pini, taji hupachikwa. Magharibi huingia angali kitini, Isha huingia yumo garini au ukumbini, na akiulizwa husema kwamba atalipa akirudi. Mama yake, somo yake na dada zake ni vivyo hivyo. Msafiri ameruhusiwa kukusanya sala, lakini kwenda ukumbini si safari. Sala ni faradhi iliyowekewa nyakati maalumu, kama tunavyofundishwa katika Suratun Nisaa, aya ya 103. Usiku tunaomwomba Mola aibariki nyumba mpya ndio usiku ambao nyumba hiyo inaanza kwa sala mbili zilizopotezwa. Hili ndilo linalopasa kutuumiza, kuliko manyoya na maua.

Wala pambo si udhuru, kwani sheria imefanya wepesi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, kupaka maji sehemu ndogo ya kichwa, hata nywele chache zilizo ndani ya mpaka wake, kunatosha. Kidole chenye maji kikipita chini ya taji kikazifikia nywele, faradhi ya kichwa imetimia. Ama uso na mikono lazima vioshwe, na rangi ya kucha inayozuia maji haina ruhusa. Njia iliyo nyepesi ni bibi harusi kutawadha kabla ya kupambwa, autunze udhu wake, na kila wakati uingiapo ajitande ushungi asali. Ukimtoka, aoshe uso na apakwe upya. Poda hupatikana tena, wakati wa sala ukipita haurudi. Paji la uso nalo ni katika viungo saba tulivyoamrishwa kusujudia, na kwa madhehebu yetu sharti sehemu yake iguse mahali pa kusujudu bila kizuizi. Tika na isogezwe. Pambo lisilokubali kusogezwa kwa ajili ya sijida limevuka mpaka.

Kuna pia suala la nani anayeona. Ndani ya ukumbi wa wanawake watupu jambo ni jepesi. Lakini anapoingia mpiga picha mwanamume, au mashemeji wanapokuja kumsindikiza bwana harusi, hukumu ya Suratun Nur, aya ya 31, inasimama: kichwa kifunikwe. Na siku hizi kila mkono una simu. Picha ya ukumbini huwafikia wanaume wa mbali kabla wali haujapoa. Imam Muslim amepokea onyo kali juu ya wanawake waliovaa ilhali wako uchi, ambao vichwa vyao ni mfano wa nundu za ngamia. Na Imam Nawawi ameeleza kuwa ni kuvikuza vichwa kwa kuvizungushia vilemba na mfano wake. Kuhusu kuunga nywele, alikuwapo binti wa Kiansari aliyeolewa, akaugua, nywele zake zikapukutika. Jamaa zake walipotaka kumuungia, Mtume (S.A.W.) alikataza na kutaja laana. Ikiwa maradhi ya bibi harusi hayakuhalalisha jambo hilo, yatalihalalishaje mashindano ya ukumbini?

Tena iko sunna ambayo mapambo haya yanaisahaulisha. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, mume anapomwoa mke huelekezwa ashike nywele za mbele ya kichwa chake, amtaje Mwenyezi Mungu na aombe baraka. Kichwa hicho ndicho mahali pa dua ya kwanza ya ndoa. Wapambaji wasikifanye ngome ambayo mkono wa mume hauoni pa kupita.

Lawama hii tusiwatwike akina mama peke yao. Ratiba ya harusi hupangwa na kamati, na kamati zetu zimejaa akina baba. Baba anayelipia ukumbi aulize maji ya udhu yako wapi na mikeka itatandikwa wapi. Kadi ziandikwe kwamba shughuli itaanza baada ya sala ya Isha. Simu za waalikwa ziwekwe mlangoni. Na familia zisizo na uwezo zisikope kwa ajili ya taji la usiku mmoja, taji moja la ukoo, likiazimwa kutoka kwa binti huyu hadi yule kama lilivyoazimwa vazi la Bibi Aisha (R.A.), linatosha, na lina heshima zaidi.

Mwenyezi Mungu awabariki maharusi wetu, awajaalie mabinti zetu uzuri wa sura na wa ibada, na azifanye nyumba zao kuwa nyumba za sala. Amin. Wabillahi tawfiq.