Jani la kukesha tunalijua, la kulaza nalo lipimwe

UKIPITA Githongo siku ya soko, utalisikia gari la dawa kabla hujaliona. Spika mbili juu ya keria, sauti iliyorekodiwa ikirudia orodha ile ile: vidonda vya tumbo, presha, sukari, mgongo, nguvu za kiume. Siku hizi orodha imeongezewa kitu kingine, kukosa usingizi. Unauziwa maji ya kahawia kwenye chupa iliyokuwa ya soda, mfuniko wa rangi nyingine, na kwa kila swali unapewa jibu moja: ni mitishamba tu, haina kemikali.

Wanaonunua si wazee peke yao. Wengi ni wa rika letu, na siwalaumu. Angalia vijana wa huku wanavyoishi. Msimu wa majani chai ukishika, kiwanda hakilali, na aliyefanya shifti ya usiku anarudi nyumbani jua likichomoza, kisha anatarajiwa alale mchana kwenye nyumba ya mabati katikati ya kelele za watoto na redio ya jirani. Kuna wa boda anayengoja abiria wa mwisho saa sita usiku na wa kwanza saa kumi na moja alfajiri. Kuna aliyemaliza chuo, sasa anafanya kazi za mtandaoni za wateja wa Marekani, na mchana wa Marekani ndio usiku wetu.

Halafu kuna jaba.

Githongo ni nchi ya chai, kahawa na ndizi. Miraa inayojulikana hutoka Igembe na Tigania, na muguka hutoka Mbeere kule Embu. Lakini base haikosi popote. Miraa na muguka zote zina kathinoni, kiamsho ambacho huanza kupungua nguvu jani likishachumwa. Ndiyo maana miraa hufungwa kwa majani ya mgomba, na magari yanayoibeba yanajulikana Kenya nzima kwa mbio. Kathinoni haijali kwamba ulipanga kulala saa nne. Saa nane usiku msee bado ana macho kama bundi na kesho ni kazi. Hapo ndipo anatafuta cha kuua stimu: pombe, Piriton mbili tatu, diazepamu aliyouziwa bila agizo la daktari, au ile chupa ya kahawia.

Sasa nisikilize, Mmeru mwenzangu, na wewe wa Embu pia. Katika watu wote duniani, sisi ndio wa mwisho tunaofaa kudanganywa kwamba kitu cha asili hakiwezi kukufanya lolote. Tumekua tukiona jani bichi, lisilopitia kiwanda chochote, likimkesha mtu mzima hadi jogoo awike. Kama jani lina nguvu ya kukukesha, kwa nini jani lingine lisiwe na nguvu ya kukulaza hadi usiamke vizuri? Na kama halina nguvu hiyo, basi ndani ya chupa inayokulaza kwa dakika kumi na tano kuna kitu kingine ambacho hukuambiwa. Nairobi wanakijua. Wanaowawekea watu mchele kwenye vinywaji vilabuni hawatumii mchele wa Mwea, wanatumia dawa za usingizi.

Rafiki yangu anayeendesha boda alikunywa vijiko viwili vya dawa kama hiyo saa tisa usiku. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa barabarani na abiria mmoja. Wote wawili waliokotwa ndani ya shamba la chai, yeye akiwa na mfupa wa bega umevunjika na abiria amechubuka uso. Hospitalini kliniko alimuuliza swali la kawaida kabisa: umekunywa nini? Akasema dawa ya usingizi. Dawa gani? Ya mitishamba. Miti gani, kiasi gani, imechanganywa na nini? Kimya. Ndugu yake alikimbia nyumbani akaleta chupa. Kwenye chupa kulikuwa na karatasi imechorwa picha ya mlima na maneno "Nguvu ya Asili". Hakuna jina la mmea, hakuna tarehe, hakuna simu. Wahudumu walilazimika kumpa dawa ya maumivu kwa kukisia, wakihofia isigongane na kile kilichokuwa tumboni.

Kwa hiyo mtu akiniambia tuache mitishamba bila sheria kwa kuwa babu zetu walitumia, mimi narudi kwa lile swali la kliniko. Babu yako alijua mti. Aliuchuma mwenyewe, au alijua aliyeuchuma. Wewe unajua spika.

Na msidhani walio na lebo nzuri wako salama zaidi. Mwaka wa 1993, katika jimbo la Colorado kule Marekani, watoto watatu wa familia tofauti walizidiwa baada ya kumeza vidonge vya mitishamba kutoka China vilivyoitwa Jin Bu Huan, vilivyokuwa vikitumiwa na watu wazima kutuliza maumivu na kuleta usingizi. Mapigo ya moyo yalishuka na pumzi ikapungua. Uchunguzi ulionyesha kwamba mmea uliotajwa kwenye lebo sio uliokuwa ndani. Baadaye wakajitokeza watu wazima ambao ini zao ziliharibika kwa kutumia vidonge hivyo hivyo. Vilikuwa na sanduku, vilikuwa na maandishi, na maandishi yenyewe yalikuwa uongo.

Wale wa mjini mnaocheka chupa ya soda, mna zenu. Zile peremende za melatonini mnazoagiza mtandaoni kwa sababu mwanadada fulani wa TikTok alilala vizuri. Melatonini ni homoni ambayo ubongo hutoa giza linapoingia. Uingereza huipati bila agizo la daktari. Marekani inauzwa kama chakula cha nyongeza, chini ya sheria ya 1994 isiyomlazimisha mwenye bidhaa kuthibitisha kwamba inafanya kazi kabla ya kuiuza. Matokeo yake? Mwaka wa 2023 watafiti walipima peremende 25 za aina hiyo. Ishirini na mbili hazikuwa na kiasi kilichoandikwa. Moja haikuwa na melatonini hata chembe, na nyingine ilikuwa na zaidi ya mara tatu ya kilichotajwa. Utafiti wa awali huko Canada, wa 2017, ulipima bidhaa 31, na nane kati yake zikakutwa na serotonini ambayo haikuandikwa popote. Hiyo ni nchi yenye maabara kila kona. Hapa kwetu nani amepima?

Mwenye kazi ya kupima yupo. Bodi ya Dawa na Sumu, ile wengi huiita PPB, ina utaratibu wa kusajili dawa za mitishamba. Lakini mwenye kuziuza naye kwa miaka mingi amekuwa akiandikishwa na idara ya utamaduni, kana kwamba ni mcheza ngoma, kisha kaunti inamkata leseni ya biashara kama muuza mitumba. Milango mitatu, na hakuna hata mmoja unaouliza kilichomo kwenye ile chupa ya kahawia sokoni. Sheria ya Afya ya 2017 iliona tatizo hili, ikasema Bunge litunge sheria ya kuunda chombo cha kusimamia tiba za kienyeji na mbadala. Tanzania ilikuwa na sheria yake tangu 2002. Uganda ikatunga yake 2019. Sisi mjadala unavutwa kama kamba ya ng'ombe mkaidi, na kila pendekezo likitajwa wanajitokeza wa kusema serikali inataka kuua maarifa ya shosho ili kampuni kubwa za dawa zitajirike.

Hofu hiyo naielewa. Serikali yetu ikisema "kudhibiti", mkulima na mfanyabiashara mdogo husikia "askari wa kaunti". Lakini hebu tukumbuke yaliyotokea juzi tu. Mei 2024, Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Magari yakazuiwa, wakulima wa Mbeere wakabaki na mizigo inayokauka. Kilichowaokoa kilikuwa karatasi. Miraa ilikuwa imeingizwa kwenye Sheria ya Mimea mwaka wa 2016, na kanuni za miraa za 2023 ziliigusa muguka pia. Rais aliposema marufuku hayo ni batili, aliegemea hapo, na Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha kwa muda. Unaweza kuichukia muguka (mimi nina maneno yangu kuihusu, siku nyingine), lakini somo liko wazi: jani lililotambuliwa kisheria lilikuwa na pa kusimama. Siku mtu atakapokufa kwa chupa ya usingizi na wakubwa wakaamka na hasira, mganga wa kweli wa Githongo atasimama wapi? Atafagiwa pamoja na tapeli wa spika, kwa sababu hakuna karatasi inayowatofautisha.

Wa kunipinga atanikumbusha Loliondo. Mwaka wa 2011 Wakenya walipanda matatu hadi Samunge, Tanzania, kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi mia tano za huko, na Tanzania ilikuwa na sheria ya tiba asili tayari. Sheria ilizuia nini? Kweli, haikuzuia foleni. Ndiyo sababu sitaki sheria ya kupamba rafu.

Ninayoitaka ianze kwa kumwacha shosho. Anayechemsha majani jikoni kwake na kumpa jirani asiulizwe namba ya usajili. Inayopaswa kukamatwa ni chupa: kitu chochote kilichofungashwa, kikatangazwa na kuuzwa kwa mtu asiyemjua aliyekitengeneza. Kiandikwe jina la mmea, kiasi, aliyekitengeneza na simu yake. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike na bidhaa, na kulindwa afya yake. Hatuombi zawadi.

Za usingizi ziwekwe kando na zikazwe zaidi ya dawa za tumbo. Dawa ya tumbo isipofanya kazi utaumwa tumbo. Ya usingizi ikifanya kazi kupita kiasi kuna mtu nyuma ya pikipiki. Kila inayodai kuleta usingizi ipimwe kama imechanganywa na diazepamu na jamaa zake, au na dawa za mzio. Iandikwe kwa Kiswahili na herufi za kusomeka: usinywe na pombe, usiendeshe chombo, usimpe mtoto. Hilo la mtoto nalisema makusudi, maana kuna nyumba ambazo Piriton ndiyo yaya. Kile kidonge kidogo cha njano ni cha mzio, usingizi ni athari yake ya pembeni, na uzito wake unaweza kukufuata hadi kesho yake.

Na diazepamu haihitaji sheria mpya. Iliyopo inataka agizo la daktari. Anayeikata viwili viwili na kuifunga kwenye kikaratasi anajua anavunja sheria, na waliopaswa kumkagua wanajua anapouzia.

Kabla Bunge halijapitisha lolote, kuna jambo moja la pesa. Ikiwa kusajili dawa kutagharimu mamilioni na sampuli lazima zipelekwe Nairobi, atakayefaulu ni mwagizaji wa peremende za melatonini, na mganga wetu atarudi kwenye chupa ya soda. Taasisi ya KEMRI ina kituo cha utafiti wa dawa za kienyeji. Meru kuna chuo kikuu chenye maabara, Embu pia. Sampuli zipimwe huku, kwa ada ambayo mtu anayeuza chupa kwa shilingi mia mbili anaweza kuilipa.