Ziwa Lilipoondoka Ujiji



Jioni moja mwezi uliopita, tulipokwisha darsa ya alasiri na watoto wanakusanya juzuu zao, mmoja alisalia mlangoni akaniuliza, "Maalim, ile treni mpya itasimama kwetu Kintinku?" Jawabu sikuwa nalo. Reli ya umeme ilianza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024, na kazi ya kuisogeza magharibi ikaendelea. Hapa kwetu hakuna baraza la kahawa lisilokuwa na fundi wa kueleza itapita wapi na itasimama wapi, kana kwamba yeye ndiye aliyeichora. Nyuma ya maneno yao mna hofu. Mji mdogo ukirukwa na njia, watu huanza kuunenea kama mtu aliyekwisha zikwa.

Maji yanayohama twayajua. Upande wa Bahi liko ziwa Sulunga, ziwa la kina kifupi, ambalo miaka ya mvua nyingi huvuta wavuvi na vibanda vyao, na miaka ya ukame hugeuka uwanja wa tope lililopasuka. Kwa hiyo mtoto yule hakustaajabu nilipomwambia, "Keti nikusimulie habari za mji ulioachwa na ziwa, kisha ukarukwa na reli." Nanyi nawasimulia habari hiyo hiyo.

Mji wenyewe ni Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Nilikwenda mwaka 2022 kumzuru mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi huuza dagaa. Garimoshi latoka hapa, lapita Saranda na kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa, kisha Manyoni, Itigi, Tabora, Uvinza penye chumvi, hata Kigoma. Wajerumani ndio walioifikisha reli hii Kigoma, mwezi wa Februari 1914. Na muda si mrefu baada ya hapo meli nzima ilipita juu yake. Ilikuwa imeundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Huko Kigoma ikaunganishwa, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, baada ya kuipaka mashine zake grisi nzito, ili adui asiipate. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, nayo ikaanza tena safari mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mtoto aliposikia kwamba meli ilipita Kintinku ndani ya masanduku, alitoka nje akaitazama reli, kisha akarudi kuketi.

Basi msafiri hushuka Kigoma, wala si Ujiji, na kutoka hapo kuna mwendo wa kilomita chache. Zamani mambo yalikuwa kinyume. Ujiji ndio uliokuwa mji, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora. Burton na Speke walifika mwaka 1858, na Stanley alimkuta Livingstone papo hapo mwaka 1871. Mkubwa wa mji kwa miaka mingi alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa pwani, ambaye baadaye alipeperusha bendera ya Sayyid Barghash wa Unguja. Sokoni palikuwa na chumvi, mawese, nguo na pembe za ndovu. Palikuwa pia na watu wa kuuzwa.

Siku hizo maji yalikuwa karibu na nyumba. Ziwa lile lina njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo, na kwa miaka mingi mto huo ulikuwa umezibwa na mchanga na mafunjo. Mito ikaendelea kumimina, ziwa likavimba. Kadiri ya mwaka 1878 kizuizi kile kilivunjika. Maji yakatoka kwa nguvu, na katika miaka kama 15 ziwa likashuka kadiri ya mita 10. Kwenye ufuko ulioinama taratibu kama wa Ujiji, kushuka huko ni mwendo mrefu kwa miguu. Leo aliyesimama penye ukumbusho wa Livingstone hana budi kutembea ndipo alione ziwa. Kisha misafara ikaisha, na Wajerumani walipotafuta bandari ya meli kubwa waliichagua Kigoma, ambako ghuba ina kina na kinga ya upepo.

Hata hivyo nilikuta mji mzima. Nilikuta miembe mikubwa, vumbi jekundu, misikiti, na watoto wakisoma kwa sauti ile ile ya watoto wangu. Wavuvi hutoka usiku wa giza kwa taa, wakapumzika mwezi unapong'aa. Asubuhi dagaa huanikwa juani, na kazi hiyo nyingi iko mikononi mwa akina mama, ambao hawana muda wa kuzungumza na wageni. Dagaa hao hufika mpaka jikoni kwetu. Mwaka 2024 uvuvi uliposimamishwa tangu katikati ya Mei hata katikati ya Agosti, ili samaki wazaane, mpishi wa kwangu alinung'unika miezi mitatu kamili.

Sasa nieleze kosa langu, kwani mtoto nilimweleza. Siku ya pili, baada ya sala ya Isha, niliketi barazani na mzee mmoja mwenye elimu na upole mwingi. Kwa mazoea yetu ya kujuana nikamwuliza, "Mzee wangu, asili yenu hasa ni wapi?" Akasema, "Hapa." Nami nikaongeza, "Naam, lakini kabla ya hapa?" Hakujibu. Akaagana nasi kwa adabu, akaondoka.

Njiani mwanafunzi wangu aliniambia taratibu, "Maalim, hapa kwetu swali hilo huliulizi mara mbili." Wengi wa watu wa Ujiji, akanieleza, wametokana na Wamanyema, ng'ambo ya ziwa. Wako ambao wazee wao walivuka kwa hiari, wapagazi na wafanyabiashara, na wako ambao walivushwa kwa minyororo. Watoto wao wamesoma pamoja na kuoana, na nani alivuka vipi ni siri ambayo mji umekubaliana kuitunza.

Sikulala vizuri. Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini, na kila nilipowaeleza watoto jinsi dini ilivyofika bara, nilisema ililetwa na misafara, nikapita haraka. Kilichobebwa pamoja nayo sikukitaja. Na walioishika baada ya wenye misafara kwenda zao, wakaihifadhi na kuifundisha hata ikafika kwa watu kama mimi, wamo wajukuu wa wale waliofungwa. Tangu niliporudi nafundisha sehemu hiyo polepole, ijapokuwa mzazi mmoja amenijia kulalamika kwamba nawaaibisha Waislamu. Nilimwambia aje asikilize darsa yenyewe. Bado hajaja.

Kuhusu ziwa, nisisahau, lilikuwa limepanda tena nilipokuwa huko. Mwaka 2021 maji yaliingia katika nyumba za ufukoni Bujumbura na Uvira, na mwaka 2024 yakarudia. Watu wa Ujiji walizungumza juu yake bila kelele.

Mtoto alinisikiliza mpaka mwisho. Habari za treni zilikuwa zimemtoka. "Na yule mzee, Maalim," akasema, "ulimwomba radhi?"

Nikamwambia kwamba nilirudi barazani kesho yake baada ya Alfajiri, na maneno nilikuwa nimeyapanga. Mzee alikuwa ameketi pale pale. Nilipofungua kinywa akanyosha mkono kuchukua buli, akanimiminia kahawa, akaniuliza habari za mvua za Kintinku.