Kabla Hatujamwaga Zege



Juzi nilikuwa napita Kihesa, mitaa ya karibu na sokoni, nikakuta nyumba niliyoizoea tangu nikiwa chuo imeshakwenda chini. Ile ya matofali ya kuchoma, bati limeliwa na kutu, baraza kwa mbele. Pamezungushiwa mabati, vijana wanachimba mashimo ya nguzo. Ghorofa inakuja.

Nikasimama kuchungulia, si mnatujua waandishi. Pembeni ya kifusi kulikuwa na jiwe la kusagia, limelika katikati mpaka limekuwa kama bakuli. Nikamuuliza mzee aliyekuwa anawasimamia vijana: "Kamwene, baba. Na hili mnalipeleka wapi?"

"Linaingia kwenye msingi, mwanangu. Jiwe ni jiwe."

Sina ugomvi na yule mzee, anafanya kazi aliyopewa. Lakini kauli yake imenikaa kichwani. Lile jiwe labda lilikuwa la bibi wa miaka ya sitini, labda la zamani zaidi ya hapo. Hatutajua tena, kwa sababu hakuna aliyeangalia.

Na jamani, haya yanatokea Iringa! Jina lenyewe la mji wetu linatokana na neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome. Ngome ile ilikuwa Kalenga, kilomita kama 15 kutoka hapa mjini. Mwezi Oktoba 1894 Wajerumani waliipiga mizinga na kuibomoa. Leo ukienda Kalenga unakuta makumbusho yenye fuvu la Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954. Ila ule ukuta uliolipa mji jina utaambulia mabaki kidogo tu. Kalenga ilibomolewa na adui. Ya sasa tunabomoa wenyewe, tena kwa kibali cha ujenzi.

Waliotutangulia kwa maghorofa ni Dar. Pale Samora kulikuwa na jengo la zamani la Salamander. Leo pamesimama mnara wa vioo unaoitwa Salamander Tower, yaani kilichosalia cha lile jengo ni jina. New Africa Hotel nayo ipo palipokuwa na Kaiserhof, hoteli ya enzi za Mjerumani. Wangapi wanaopita pale wanalijua hilo?

Wengi tukizungumzia kubomoa tunafikiria kuta tu. Kuta zina nafuu kidogo, walau mtu anaweza kuwa alizipiga picha. Kazi kubwa iko chini. Shimo la jengo refu si kama msingi wa nyumba ya vyumba vitatu. Wanashuka kutafuta udongo mgumu wa kubeba nguzo, na mara nyingi wanashuka zaidi ili wapate maegesho ya magari. Vigae vya vyungu, chupa, sarafu, misingi ya nyumba zilizotangulia, pengine hata makaburi, vyote vinazolewa na tingatinga, vinapakiwa kwenye lori na kwenda kujaza bonde la mtu mwingine. Shimo likishachimbwa, hakuna wa kurudi nyuma kutazama.

Sheria je? Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Iliweka mstari hivi: majengo ya kabla ya 1886 yanalindwa moja kwa moja, na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 hivyo hivyo. Hata milango ya kuchonga ya kabla ya 1940 ilikumbukwa. Lakini jengo lililokuja baada ya 1886 linasubiri Waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali.

Sasa piga hesabu. Mji huu wa Iringa tunaoujua ulianzishwa na Wajerumani miaka ya 1890, baada ya Kalenga kuanguka. Maana yake karibu kila jengo kongwe la katikati ya mji liko upande usiofaa wa ule mstari. Bila tangazo, mwenye kiwanja akipata kibali anaangusha tu.

Kuna watakaosema huu ni usomi wa kupoteza muda, watu wanataka vyumba vya kupanga na fremu za biashara. Nakubali kabisa, mimi mwenyewe ni mpangaji. Sisemi tusijenge maghorofa. Nasema tuangalie kwanza, halafu tujenge.

Wenzetu London mwaka 1954 walikuwa wanasafisha kiwanja kilichopigwa mabomu vitani ili wajenge maofisi, wakakutana na hekalu la Mithras la enzi za Warumi. Kampuni ya Bloomberg ilipotaka kujenga makao yake pale pale, wanaakiolojia waliingia kabla ya mafundi. Walipata vibao vya mbao vya kuandikia zaidi ya 400, kimojawapo ni hati ya deni ya tarehe 8 Januari mwaka 57. Jengo lilisimama, na tangu 2017 ukishuka chini yake unaliona hekalu. Aliyejenga hakufilisika.

Kwetu hatuhitaji mabilioni ya Bloomberg. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tayari inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza. Tathmini hiyo iangalie kwa dhati na kilicho chini ya kiwanja. Kwa vijumba kama vya Kihesa, halmashauri iweke sharti dogo kwenye kibali: picha za nyumba kabla ya kubomoa, na siku mbili za mtu anayejua kuangalia wakati msingi unachimbwa. Vyuo tumezungukwa navyo, na wanafunzi wa historia wanatafuta pa kufanyia mazoezi. Boma la Mjerumani pale mjini ni makumbusho tangu 2016. Rafu moja ya vitu kutoka viwanja vya mji huu haiwezi kukosa nafasi.

Jana nilirudi Kihesa nikiwa na wazo la kumwomba yule mzee anipe lile jiwe. Nimekuta zege limeshamwagwa.