Kilaza Amenishinda Mstari

Desemba iliyopita tulikusanyika nyumbani Kaagya, kama Wahaya wengi wafanyavyo mwisho wa mwaka, na ukoo ukajadili masomo ya mtoto wa kaka yangu. Mjadala haukuchukua muda. "Huyu darasani hawezi," alisema mzee mmoja. "Apelekwe amali." Mimi mwenye shahada nikawa wa kwanza kusema ni kweli.

Dirisha lilikuwa wazi. Mtoto mwenyewe alikuwa nje, chini ya migomba, akipaka rangi basi lake la maboksi: jeupe, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, vioo vya chupa ya plastiki. Ulibaki mstari mwekundu wa ubavuni, unaopanda juu ya tairi na kushuka tena. Nikatoka, nikamwambia, "Lete nikumalizie."

Nikabandika tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, nikapaka, nikabandua. Rangi ilikuwa imepenya chini ya tepu. Mstari ulikuwa na meno kama msumeno. Hakucheka.

"Baba mdogo, tepu pana haiwezi kona. Inafanya makunyanzi."

Alifuta uchafu wangu, akaibandika tepu juu ya kipande cha kioo na kuikata nyembamba kwa wembe. Akaivuta taratibu kufuata duara la tairi, akakandamiza ukingo kwa ukucha. Kisha akapitisha rangi nyeupe kwenye ukingo huo. Nikamuuliza kwa nini nyeupe.

"Kama kuna upenyo, nyeupe ndiyo itaingia na kuuziba. Nyeupe juu ya nyeupe nani ataiona?"

Ilipokauka akaleta nyekundu, nyepesi, mara mbili. Akabandua tepu kabla haijakauka kabisa. Mstari ukatoka safi.

Huyo ndiye tuliyesema hana kichwa. Kuliona kosa kabla halijatokea, kuliwekea mtego, kisha kusubiri: kama hiyo si akili, tuambiane akili ni nini.

Siipingi amali. Ninachopinga ni ile "apelekwe". Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Mtaala ulioanza kutumika 2024 unaipa sekondari mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali. Kwenye karatasi hatujambo. Ni sisi, wasomi wa vikao vya ukoo, tunaougeuza mkondo mmoja kuwa jalala la watoto tuliowakatia tamaa. Shule ya msingi mimi nilisoma Stadi za Kazi kwa kunakili ubaoni. Nilijua kutaja aina za brashi bila kushika hata moja, na nikafaulu.

Utasema basi la boksi halimlishi mtu. Kweli, na insha zangu za chuo hazijanilisha pia. Lakini wembe, tepu na subira ile ile ndivyo vinavyonyoosha mstari wa basi halisi gereji, na mwenye basi halipii mstari wenye meno. Kazi hiyo inataka watoto wanaochaguliwa kwa sababu wanaiweza, si kwa sababu wameshindwa kwingine.

Desemba hii kikao kitakaa tena. Nitaomba mtoto aende amali, lakini nitataka kwanza sababu ibadilishwe, na safari hii akae nasi ndani, aisikie.